Shamsa na Swift ya Njano

Kilindoni nzima ilijua kwamba Shamsa wa mikate anakwenda Dar es Salaam kununua kirikuu. Hakuna aliyeambiwa, lakini mtu angewaza nini kingine? Tanuri lake lilikuwa likilisha maduka ya mjini, hoteli za Utende na vijiji kadhaa vya barabara ya kaskazini, na alikwisha kuchoka kukodi bodaboda za kubebea makreti. Kirikuu, ile pikapu ndogo, haili mafuta mengi na inapita popote. Hata Sudi, mumewe, fundi wa mashine za boti asiyependa maneno mengi, alikwisha kupima mahali itakapolala, ubavuni mwa tanuri.

Shamsa mwenyewe aliamini hivyo hivyo. Alifika Kigamboni, akaonyeshwa kirikuu moja, akaizunguka, akaikuta haina ubaya wowote, na moyo wake haukusema kitu. Akaomba muda wa kufikiri, akaenda kunywa chai. Mbele ya mgahawa ndipo alipoiona Swift ya njano, gari fupi, pana kwa nyuma, imelala chini kama paka anayevizia, na karatasi kiooni imeandikwa INAUZWA. Akachungulia ndani. Gia za mkono, na kanyagio tatu.

Marehemu baba yake, mzee Kombo, alikuwa dereva wa lori la nazi huko Ngombeni. Alimfundisha Shamsa kuendesha akiwa bado msichana, katikati ya mistari ya minazi, watu wakimshangaa kumpa mtoto wa kike usukani. Alimkataza kutazama gia. Alimwambia asikilize mashine: ikipiga kelele apandishe, ikiguna ashushe. Shamsa alipata leseni, akaolewa, akamzaa Warda, akajenga tanuri, na miaka yote hiyo alipopanda gari la mtu alikuwa akimsahihisha dereva kimoyomoyo.

Mwenye gari alikuwa mwalimu wa sekondari, anaitwa Faraja, aliyejifungua mapacha mwaka ule. Viti viwili vya watoto havikuenea nyuma, ndiyo maana analiuza. Alimwachia Shamsa ufunguo, wakatoka pamoja kuelekea Kibada. Kwenye kona ya kwanza Shamsa alipunguza mwendo kwa woga. Kwenye ya pili hakupunguza, na gari likaishika barabara kama pweza aliyeshika mwamba. Faraja alimwona anatabasamu peke yake, akaona hana budi kusema kweli. Klachi inakaribia kuisha. Mlango wa kulia umepakwa rangi upya baada ya kukwaruza geti. Na springi zake ni ngumu, mgongo utajua.

"Mama, sitakuficha," alisema. "Hili si gari la mizigo. Ukilichukua, ujue umelichukua kwa kulipenda."

"Basi nimelipenda," alisema Shamsa.

Lilikuwa rahisi kuliko kirikuu, maana watu wengi mjini hawataki gari la chini tena la gia za mkono. Kulivusha bahari mpaka kisiwani ndiko kulikokuwa na kazi. Pale Nyamisati wapakiaji walipanga mbao, wakazipangua, wakazipanga tena, na bado bampa likasugua ukingo wa boti kwa sauti iliyomfanya Shamsa afumbe macho. Kilindoni Sudi alikuwa akisubiri gatini. Alilizunguka gari, akainama kutazama chini, akainuka.

"Mama Warda, mikate itakaa wapi?"

Shamsa akalaza viti vya nyuma, akamwonyesha nafasi. Sudi akaomba afunguliwe boneti. Akainamia mashine, akataka iwashwe, akaisikiliza kitambo kirefu kuliko alivyomsikiliza mtu yeyote wiki ile. Halafu akaifunga boneti taratibu, akaifuta alama za vidole vyake kwa shati. Shamsa akajua kuwa amelikubali.

Basi maisha na gari lile yakaanza, na mwanzoni yalikuwa matamu. Mji ulilibandika jina la Embe. Barabara ya Utende ni ya lami, na kila alfajiri, baada ya sala, Shamsa alikwenda huko na makreti yamejaa, madirisha wazi, harufu ya mikate ikimtangulia. Mkate ni mzigo mwepesi na haulalamikii springi. Mpishi mmoja wa hoteli aliapa kuwa tangu Embe lije mikate inafika bado inachoma vidole. Matuta Shamsa aliyajua yote, akiyapanda kwa mshazari, gurudumu moja moja, kama mtu anayepita juu ya wenzake waliolala.

Kijiji cha Kanga, kaskazini, ndiko kulikokuwa na taabu. Barabara ya huko ni ya udongo na mchanga, ina mifereji ya magurudumu ya malori, na katikati ya mifereji hujificha mawe. Na Kanga ndiko alikokaa Bi Mize, mama yake Sudi. Siku ya kwanza alipoletewa gari alitazame, aliketi kwenye kiti cha mbele, miguu nje, akanyoosha mkono avutwe.

"Mwanangu," alisema, "humu mtu anakaa kama anakuna nazi."

Akasema hatapanda. Mtu mzima hasafiri amekaa juu ya mbuzi.

Masika yalipoanza, Shamsa akiwa njiani kwenda huko, alisikia kishindo chini ya miguu yake, na taa ya oili ikawaka. Alizima mashine palepale, na hilo ndilo lililoiokoa. Lori la nazi lilimvuta mpaka Kilindoni kwa Abeid, fundi wa magari, ambaye alichomelea sampo, lile bakuli la oili chini ya mashine, iliyokuwa imetoboka, akafunga bamba la chuma chini yake, kisha akamshauri waweke spesa, vile vipande vya kuinulia gari juu ya springi. Shamsa alikataa. Likiinuliwa litalala kwenye kona. Abeid alikubali kwamba litalala kidogo, ila litafika linakokwenda. Shamsa akamwambia atafikiri, na mikate ya Kanga ikarudi kwenye bodaboda.

Maneno hayakukawia. Wateja wa Kanga walisema Embe ni la wageni wa hotelini. Bi Mize alisema kwa jirani, na jirani akayafikisha, kwamba mke wa mwanawe siku hizi huja kama kiangazi kikitaka. Shamsa yalimchoma, lakini alikaza shingo.

Mwaka ule ule Bi Mize akajaaliwa safari ya Hija. Alitakiwa apande ndege ndogo Kilindoni, akaungane na wenzake Dar es Salaam. Asubuhi ya safari gari lililokodiwa kumfuata Kanga likagoma kuwaka. Sudi alikuwa mjini akishughulikia tiketi. Alimpigia Shamsa, ambaye ndiyo kwanza anarudi kutoka Utende na makreti matupu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Shamsa alisikiliza, akayateremsha makreti dukani kwa mtu, akageuza kuelekea kaskazini.

Bi Mize alikuwa mlangoni, amevaa nyeupe, ndugu wamemzunguka. Walipoona rangi ya njano inatokea kwenye minazi walitazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hakuna jingine?"

"Hakuna, mama."

Bi Mize aliliangalia gari, akaiangalia barabara. "Basi bismillahi," akasema, akainama kuingia.

Kwa kwenda Shamsa alikuwa ameisoma njia. Kwa kurudi aliitumia. Gurudumu la kushoto alilipandisha juu ya tuta lililo kati ya mifereji, la kulia akalipitisha kwenye majani ya ukingoni, na mashine akaisikiliza. Karibu na Kirongwe lilikuwapo dimbwi lililotanda njia nzima, limeongezeka tangu alipopita. Alisimama, akavua viatu, akakusanya buibui lake, akalivuka kwa miguu akipapasa chini mpaka akaijua sehemu iliyo ngumu. Akarudi, akatia gia ya pili, na hakuachia mafuta hata maji yalipopiga chini ya gari kama ngoma. Tasbihi ya Bi Mize ilikwenda mbio. Walitoka upande wa pili, mashine ikiwa hai.

Mbele yao barabara ilinyooka, imeshindiliwa vizuri, haina tope. Bi Mize ndiye aliyesema.

"Mwanangu, tutachelewa."

"Mama, unaniruhusu?"

"Nakuruhusu."

Shamsa aliweka gia ya tatu. Gari lililokuwa limenyata tangu Kanga likafunguka, minazi ikaanza kurudi nyuma, na Bi Mize akashika mlango kwa mkono mmoja. Baada ya muda aliuachia. Aliuliza kama mzee Kombo ndiye aliyemfundisha. Shamsa akasema ndiye. Bi Mize akamrehemu marehemu, akarudia tasbihi yake, safari hii polepole.

Uwanjani Sudi alikuwa akiwasihi wahudumu, na abiria wa mwisho wakipanda. Mizigo ilishushwa haraka. Bi Mize alikwenda hatua chache, akarudi, akamshika Shamsa mikono yote miwili.

"Naenda kwenye nyumba ya Mungu, nami nimekusema. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Na wewe nisamehe. Tangu mvua zianze sijakanyaga kwako."

"Nimesamehe," alisema Bi Mize, na akaenda.

Ndege ilipokwisha kuruka, Shamsa na Sudi walichuchumaa kutazama chini ya gari. Bampa lilining'inia upande mmoja na lile bamba la chuma lilikuwa limepinda kama sahani ya bati. Sudi alisema sampo ni nzima. Shamsa alikuwa akilia kidogo na kucheka kidogo, uso umejaa tope.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Abeid bila kuitwa, akamwambia aweke spesa, na klachi mpya pia. Alisimama pembeni mpaka kazi ikaisha. Embe likawa limeinuka, limepungua ukali wa kutazamwa, kama kijana aliyeoa. Kesho yake alikwenda Utende kama kawaida, na keshokutwa akapeleka mikate Kanga mwenyewe, akiwa na kikapu cha ndizi alichotumwa na jirani, maana huko ukishakuwa na gari linalopita watu hukuagiza.

Sudi alimwuliza kama anajuta kuliinua. Alisema anajuta kwa kona moja tu, ile ya Kiegeani, njia ya Utende, ambapo Embe sasa hulala kidogo, akaenda kukanda unga.