Radhi ya Uwanjani

Kila ninaponunua hindi la kuchoma hapa Zinga, Bagamoyo, harufu ya ndimu na pilipili hunirudisha kwenye uwanja ule wa Mombasa. Baba alikwenda kutibiwa, akanichukua mimi, bintiye mdogo. Asubuhi daktari alizungumza naye faraghani. Alasiri akanipeleka kutazama timu yetu ikicheza na wenyeji. Ngoma zilirindima, watu wakaruka juu ya mabenchi. Baba akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, niwie radhi."

Kwetu Bagamoyo, anayesafiri ndiye huwaomba radhi wanaobaki.

"Baba, si tunarudi sote kesho?"

Uwanja ukalipuka. Wenyeji walikuwa wametufunga. Baba akasimama, akawapigia makofi, akaendelea kupiga hata mashabiki wao wenyewe walipokwisha kukaa.