Chumvi Niliyoipeleka Uvinza

Marehemu mume wangu alizaliwa Uvinza, nami nilizaliwa Kariakoo. Kila nilipopika alionja mchuzi, akatikisa kichwa na kusema kwamba chumvi ya bahari haifiki hata nusu ya chumvi ya kwao. Nilimjibu kuwa kwao hakuna bahari. Kila likizo alikwenda kwao peke yake. Mimi nilibaki kulinda duka. Mwaka jana, katika darasa la watu wazima, mwalimu alitufundisha kwamba chumvi ya chemchemi za Uvinza ilisakwa na wafanyabiashara tangu kale. Sikutulia. Je, mwenye haki alikuwa yeye? Nikaamua kwenda kuonja mwenyewe.

Jumanne ya kwanza ya Julai nilipanda treni ya Kigoma na pakiti mbili za chumvi ya bahari. Jirani yangu wa Mchafukoge, ninakoishi, alinisindikiza akicheka.

"Mama, unawapelekea chumvi wenye chumvi?"

"Napeleka ushahidi."

Alhamisi nilipokewa stesheni ya Uvinza na wifi yangu, dada wa marehemu. "Karibu, wifi! Leo watu wa pwani mmekumbuka kuwa nchi haiishii Morogoro?"

Ijumaa asubuhi, baada ya kuomba ruhusa langoni mwa kiwanda cha chumvi, alinipeleka chemchemini. Ardhi ilijaa vigae vya vyungu vya kale, vikilia chini ya viatu. Akanionyesha mahali ambapo bibi yake alichemsha maji yale wakati wa kiangazi, hadi chumvi ikabaki chunguni. Nilichovya kidole majini, nikaonja. Chumvi kweli, tena kali.

"Vipi, wifi? Bahari imekauka?"

Jioni, kwa kulinda heshima ya pwani, niliziweka pakiti zangu mezani kwa kishindo. Badala ya kucheka, akazikumbatia.

"Afadhali! Tangu kaka afariki tumeikosa hii. Kila likizo alikuja nayo. Eti chumvi ya hapa si kitu, chumvi ni ile ya mke wangu!"

"Alisema hivyo? Hapa?"

"Mbele ya mama! Mama akamnyima chakula."

Kumbe ndiyo maana kopo langu la chumvi lilipungua kila alipofunga safari, nami nikimshuku jirani! Nilicheka hadi nikatokwa machozi, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

Jumapili nilianza safari ya kurudi na mfuko wa chumvi ya Uvinza. Nimejifunza kwamba mwalimu hakukosea, wala mume wangu hakusema uongo. Ila ubishi wetu niliushinda zamani, ugenini, bila mimi kuwapo. Siku hizi napika kwa chumvi ya kwao. Nikishaonja mchuzi, natikisa kichwa na kumwambia kwa sauti: haifiki hata nusu.