Bikizee Mmoja Aliyeitwa Wao

Lyness Chikopa alizaliwa mwoga. Utotoni aliogopa mbwa, radi, na hata mashine ya kusaga mahindi. Miaka kumi na tisa ya kufundisha Kiingereza pale Ntcheu, Malawi, haikumtoa woga. Ilimwongezea tu watu wa kuwaogopa. Asubuhi hiyo alimwogopa Bwana Mkwezalamba, mkaguzi wa shule, aliyebanwa kwenye dawati la nyuma, magoti kidevuni, daftari mkononi.

Mwalimu mkuu alikwisha kumtia homa mapema. "Madam, leo fundisha sarufi kama wenzako. Ukipata ripoti mbaya ya pili, ni uhamisho wa Nsanje, kule mwisho wa nchi, moja kwa moja. Na mama yako aliyepooza utambeba mgongoni?"

Sarufi kavu darasa la saba hawakuielewa. Walielewa hadithi. Basi Lyness alikuwa ametunga yake kwa Kiingereza, akaiandika kwa makaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji: bikizee mjane anakaa na mkamwana, na mkamwana anamficha mkwewe samaki. Aliitundika hiyo hiyo ukutani. Wakaisoma.

"Sasa bila kutazama," mkaguzi akasema. "Wewe wa dirishani, simulia."

Fatsani akasimama. Kiingereza kikamtoka kama maji. "Mkamwana, yeye alificha samaki. Bikizee, wao walilala njaa. Wao hawakusema neno."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Bikizee walikuwa wangapi?"

"Mmoja, bwana."

"Mmoja, tena wao? Au alikuwa na mimba ya mapacha?"

Darasa likaangua kicheko.

"Ni mtu mzima, bwana," Fatsani akajibu. "Kwetu mkubwa huitwa wao, hata akiwa mmoja. Nikisema yeye, nyumbani nitachapwa."

"Na mkamwana si mtu mzima?"

"Huyo ni yeye tu. Kanyima watu chakula."

Mkaguzi akageuka. "Madam, hicho ni Kiingereza?"

Lyness akapima. Akimkana mtoto, mtoto hatafungua mdomo tena mwaka mzima. Akimtetea, Nsanje hiyo.

"Ni kosa, bwana," alisema, sauti ikitetemeka kama mbuzi kwenye mvua. "Tutalisahihisha sasa hivi. Ila kumvua mkamwana heshima hakufundishwa na mtu. Hilo kalisoma mwenyewe."

"Umejibu au umehubiri?"

"Nimejibu, bwana."

Mkaguzi aliandika muda mrefu, akamsogezea daftari atie sahihi. Herufi zilimchezea machoni kabla hazijatulia. Sarufi: dhaifu. Kuelewa wanachosoma: vizuri sana. Abaki kituoni, nitarudi muhula ujao.

Abaki. Alitia sahihi, kalamu ikiteleza kwa jasho. Lakini ni muhula mmoja tu, na muhula una miguu.

Mkaguzi alipotoka, Lyness akashika chaki. "Haya, Fatsani. Kwa Kiingereza, bibi mmoja ni yeye. Hata bibi yako."

"Hata mwalimu mkuu?"

"Hata huyo."

"Hata bwana mkaguzi, madam?"

Lyness akachungulia mlangoni kwanza. "Hata yeye," akanong'ona.