Nilimtegea Rafiki Yangu kwa Maka Peni

Nina makosa. Naanza na hilo kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Huruma yako mpe mwenyewe, nitamtaja sasa hivi.

Nitamwita Nisha, ingawa si jina lake. Ni binti wa Kihindi, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kisutu. Mimi ni Mchaga. Mama yangu anauza vyombo vya plastiki kwa jumla Kariakoo, na tunaishi ghorofa ya tatu, juu ya duka. Kazi yangu ni kuchapa. Natumiwa sauti za mikutano na mahojiano, nasikiliza, naandika neno kwa neno, kutwa nzima. Ndiyo maana nikaingia kwenye huu ugonjwa wa kibodi.

Ugonjwa, ndiyo! Wewe unaona kibodi ni kibodi tu. Sisi tunasikia sauti. Chini ya kila kibonyezo kuna swichi ndogo ya plastiki, na ndani yake springi. Ukiing'oa, ukaifungua, ukaisafisha, ukaipaka grisi kidogo sana kwa brashi nyembamba, kule kukwaruza kunaondoka. Inabaki sauti nzito, tulivu, kama karanga zinadondoka kwenye ungo, na vidole havichoki. Hapa Dar tuna kundi letu la WhatsApp, watu kama hamsini, tunatumiana sauti za kibodi saa za kazi. Ndugu zetu wanadhani tumechanganyikiwa.

Nisha alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi wote. Tulijuana kundini, tukaonana, tukashibana miaka mitatu. Nikimaliza kazi nilikuwa navuka Mnazi Mmoja kwa miguu naenda kwao, mama yake ananipa chai ya tangawizi, mimi na Nisha tunafungua makibodi mpaka tunasahau kula. Baba yangu alipofariki, Nisha alilala kwetu kwenye mkeka siku tatu pamoja na wamama wa msiba. Sikuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo, na sina.

Mwaka huo alimwomba baba yake meza moja nyuma ya duka, ajaribu kutengeneza kibodi za watu iwe ndiyo kazi yake. Mzee hakupenda, alitaka binti ashike duka. Akakubali shingo upande. Jaribu mpaka mwisho wa mwaka, alimwambia, tuone kama watu watakuamini na vitu vyao. Nisha alinisimulia huku anacheka, maana wateja wa kwanza watano walishapatikana, wote wa kundini.

Wa sita nikawa mimi.

Swichi zangu aliniletea binamu kutoka nje. Rangi ya maziwa, za aina ambayo haitengenezwi tena, na kundini walikuwa wananisumbua niwauzie. Nilijaribu kuzipaka grisi mwenyewe nikazidisha, baadhi zikawa zinanata. Basi nikaamua kumpa Nisha.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwetu Kariakoo kitu hakiendi kwa fundi bila alama. Iwe feni, pasi, cherehani au simu, mama anakigeuza, anapiga nukta ya maka peni mahali pasipoonekana, ndipo kinatoka. Kikirudi, kwanza inatafutwa alama, salamu baadaye. Nimekulia humo, na sikatai, imetuokoa mara nyingi. Lakini hao ni mafundi ambao hata majina yao hatuyajui.

Na bado nilichukua maka peni ya bluu ya dukani, nikang'oa swichi zote sitini na nane, nikaweka nukta chini ya kila moja. Nikazirudisha. Nikampelekea Nisha huku natabasamu.

Alisema siku tatu. Zikapita nne, zikapita tano. Ilikuwa wakati wa Diwali, nyumba yao imejaa wageni, najua, maana kila mwaka nakula huko huko. Lakini safari hii kichwa kikaanza. Mbona hanitumii picha? Mbona nikipiga anapokea haraka haraka, shoga nitakupigia, halafu hapigi? Siku ya saba akaweka kundini picha ya kibodi ya mtu mwingine aliyoimaliza, na ndani yake nikaona swichi za rangi ya maziwa. Niliikuza ile picha mpaka ikawa ukungu mtupu. Nikakumbuka aliwahi kuniambia, ukichoka nazo uniambie mimi kwanza. Kumbe alikuwa anazimezea mate!

Nikamwambia mama. Mama akauliza huyo Nisha anataka nini kwa kazi hiyo. Nikasema hajataka kitu. Mama akaguna.

"Hao ni wafanyabiashara kama sisi," akasema. "Sisi tunampa nani kitu bure?"

Neno hilo likaniingia. Na nikaongeza langu, baya zaidi, ambalo naona aibu hata kuliandika. Nilisema moyoni kwamba Wahindi ni wao kwa wao, mimi pale napitishwa tu sebuleni. Mimi! Mchaga niliyetaniwa tangu shule ya msingi kwamba tunapenda hela kuliko ndugu, nilipaswa kuwa mtu wa mwisho Bongo nzima kuwaza hivyo.

Siku ya tisa Nisha akaileta kibodi mwenyewe dukani, na juu yake boksi la mithai za Diwali. Akampa mama shikamoo, akanikumbatia, akasema nikishaijaribu nimwambie ninavyoiona, akaondoka mbio kuwahi wageni. Hata zile mithai niliona ni za kunipooza. Sikuonja. Nilipanda juu, sikuchapa herufi hata moja, nikang'oa swichi ya kwanza na kuigeuza.

Hakuna nukta.

Ya pili hakuna. Ya kumi hakuna. Nikang'oa zote nikazimwaga kitandani, hakuna hata moja iliyokuwa na alama. Nikabonyeza moja kwa kidole, ikawa laini mno, siyo ile ninayoijua. Nikasema hizi si zangu, kanibadilishia zote. Hasira zilizonipanda siwezi kuzieleza. Na ndani ya zile hasira, acha niseme ukweli, kulikuwa na kafuraha fulani, ka kuona kwamba sikukosea kumshuku.

Sikumpigia simu. Ningepiga, ndani ya dakika moja mambo yangeisha. Badala yake nilipiga picha, nikaandika kundini: mliompa Nisha kibodi, kaangalieni vitu vyenu, zangu niliziwekea alama na zimerudi hazina. Kisha nikakaa kuangalia simu.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na mmoja wa wateja wake. Wale watano walienda dukani kwa Mzee, wengine siku ileile, wengine kesho yake asubuhi. Hawakupita nyuma kwenye meza ya Nisha. Walisimama kaunta, katikati ya watu wanaonunua misumari na rangi, wakadai kibodi zao. Wawili wakazifungua hapohapo, wakawa wanakagua swichi moja moja juu ya kioo cha kaunta. Hawakukuta kasoro yoyote. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma, anaangalia. Ana miaka zaidi ya thelathini na duka lile, na hajawahi kukaguliwa na mteja. Walipoondoka akamwambia Nisha atoe ile meza.

Nisha hakujibu kitu. Alitoka kundini tu. Na mimi, kwa kichwa changu kilivyo, nikasema mnaona, asiye na hatia angejitetea.

Siku nne baadaye nilikuwa dukani namsaidia mama. Alikuwa ameandika ukubwa wa ndoo kwa maka peni, akagundua chache amezikosea. Akachukua pamba, akailowesha spirit, akapitisha juu ya maandishi. Yakatoka palepale. Ndoo ikabaki nyeupe, pamba ikawa ya bluu. Akaitupa, akavuta ndoo nyingine.

Nilisimama pale na maboksi mikononi. Jamani, spirit! Nani kundi zima asiyejua kwamba kabla ya kupaka grisi unaosha plastiki za swichi kwa spirit, kutoa mafuta ya kiwandani? Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hivyo, kwa maneno yangu, kwenye kundi hilohilo. Na siku zote zile halikunijia, kwa sababu nilishaamua kwamba nimeibiwa.

Nikapanda ngazi mbio. Nilizirudisha ndani ovyo nilipokuwa na hasira, kwa hiyo nikazing'oa upya. Kuna moja niliyoichubua na bisibisi nilipokuwa najifunza, ina kovu ubavuni. Nikaikuta, na kovu lake. Nyingine nilishawahi kuipinda mguu, nikaunyoosha vibaya na koleo. Nayo nikaikuta. Zilikuwa zangu. Nikazipanga vizuri, nikakaa, nikachapa mstari mmoja kwa mara ya kwanza. Haki ya Mungu, sijawahi kusikia kibodi nzuri namna ile. Nililia mpaka mama akapanda kuuliza kuna nini.

Na ile picha? Nilimuuliza mwenye kibodi. Alishangaa. Swichi zake ni za kawaida, zimejaa kila mahali, rangi ndiyo inafanana.

Nikaenda Kisutu. Mzee alikuwa kaunta. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye gazeti lake. Nisha alikuwa anapanga makopo ya rangi. Pale nyuma, ilipokuwa meza, pamelazwa mabomba ya maji.

Nilimwambia yote. Sikuficha kitu, hata maneno ya mama, hata yangu ya moyoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kopo mkononi, ndipo akasema kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie.

"Alama niliziona."

Akaweka kopo rafuni.

"Ya kwanza nilidhani wino wa kiwandani. Nilipofika ya tano nikajua ni wewe. Nikaweka brashi chini. Nikasema nimpigie? Halafu nikasema hapana, ngoja nimfanyie kazi nzuri kuliko zote, akiishika atanijua. Ndiyo maana nilichelewa. Nilizifanya mara mbili."

Nikamwomba anisamehe. Akasema amenisamehe. Alilisema upesi, vile unavyomjibu mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

Nikageuka nikamfuata Mzee, nikamwomba amrudishie binti yake meza, nikamwambia kosa ni langu peke yangu. Alikunja gazeti, akanisikiliza kwa heshima zote.

"Mwanangu," akasema, "wewe umekula kwetu miaka mitatu, na umetukagua. Hao wasiotujua nitawaambia nini?"

Nikaandika kundini. Niliandika kila kitu, spirit, kovu, ujinga wangu wote, nikamwomba radhi kwa kumtaja jina. Nilidhani watu watarudi. Wakaweka vidole gumba. Halafu wakaanza kunifuata pembeni. Mmoja akauliza Nisha amenipa nini niandike vile. Mwingine alisikia eti Mzee amenitishia polisi. Hakuna aliyepeleka kibodi hata moja. Nilipomsingizia waliniamini kwa picha moja tu, na niliposema ukweli wakautafutia sababu.

Mwaka ukaisha. Nisha sasa anashika duka, kama baba yake alivyotaka. Brashi na koleo zake amempa binamu yake wa Arusha.

Mwezi uliopita nilienda kununua skrubu ndogo. Sikuzihitaji, nilitafuta sababu ya kumwona. Akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama, akatoa pakiti mpya ya skrubu ishirini, imefungwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Badala ya kunipa, akaichana kwa mkasi, akazimwaga juu ya kioo, akazihesabu mbele yangu moja moja mpaka ishirini. Kisha akazisogeza upande wangu.

"Hesabu na wewe," akasema.

Hakuwa na hasira hata kidogo. Nikahesabu.

Basi wewe unayesoma, fundi usiyemjua mwekee alama, sikukatazi. Lakini rafiki ukianza kumshuku, mpigie. Mwambie usoni unachowaza, mgombane, mtoleane hata maneno mabaya, maana watu hugombana wakapatana. Usimtegee kimyakimya. Anaona, na anaweza asikwambie kwamba ameona. Utakapokuja kumwomba msamaha atakupa upesi sana, halafu atakuhudumia vizuri, kama anavyomhudumia mtu yeyote anayeingia pale dukani.