Siku Mama Alipochagua Umbo la Almasi

Mimi ndiye niliyewapeleka wazazi wangu kwa sonara, na nilikwenda shingo upande.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Mkolani, pembezoni mwa mji. Wazazi walikuwa kijijini, jirani na Bujora, wakilima pamba na kufuga ng'ombe wachache. Walikuwa wameoana kimila zaidi ya miaka thelathini. Mahari ilitolewa, watoto sita tukazaliwa, ila ndoa yenyewe haikuwahi kufika kanisani. Mwaka ule mama alimaliza mafundisho akabatizwa, baba naye akafuata, na padri akawapangia siku ya kufunga ndoa. Kuhusu pete alisema wasihangaike, hata ya shaba inatosha. Baba akajibu kwamba itakuwa ya almasi.

Tulidhani anatania. Lakini baba hakuwa mtu wa utani. Alipokuwa kijana, kabla sijazaliwa na miaka kadhaa baadaye, alifanya kazi mgodini upande wa Shinyanga. Alikuwa miongoni mwa watu wa kuosha changarawe. Aliwahi kutueleza jinsi mchanga ulivyopitishwa kwa maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe ya kawaida yakateleza na kwenda zake, almasi zikanasa. Kila jioni walipotoka walipekuliwa mifuko, viatu, hata nywele. Siku zile mtu akikutwa na kijiwe kimoja tu mfukoni, safari yake ilikuwa jela. Baba alitoka mgodini kama alivyoingia, mikono mitupu, akarudi kulima.

Sasa mambo yalikuwa yamefunguka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kufika kijijini na magari yao, wakilipa papo hapo, na mjini vitu ambavyo zamani vilinong'onwa vilikuwa vimepangwa dirishani. Mimi nilimshauri baba anunue pete ya kawaida, kinachobaki aezeke nyumba mabati. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Nimeshika nyingi za watu. Nataka moja ya mama yako.”

Basi Jumamosi moja tukaingia kwa sonara, mtaa wa nyuma ya soko. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono, na ukoo wao ulikuwa mjini hapo tangu enzi za babu yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Baba na yeye walisalimiana kama watu wa rika moja, wakaulizana mvua na mavuno. Mama alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono ameificha ndani ya kanga.

Sonara alitandika kitambaa cheusi, akaweka pete nne juu yake. Almasi zilikuwa ndogo, kubwa kuliko zote haikuzidi punje ya mtama. Akatueleza kwamba kwa udogo ule, umbo ndilo linalofanya kazi kubwa. Moja ilikuwa ya duara, akasema hiyo ndiyo inayomeremeta kuliko zote. Ya pili ilikuwa ya mraba. Ya tatu ilikuwa kama tone la maji, upande mmoja umechongoka. Ya nne ilikuwa na umbo la yai.

Baba alipewa kioo cha kukuzia, akainama. Aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, akarudia. Nilimwona uso ukibadilika. Alimwuliza sonara kama kweli hizo ni almasi. Sonara hakukasirika, alisema ni almasi tena za nchi hii. Baba akasema alizozijua yeye zilikuwa na ukungu, kama kipande cha magadi, na zikishikwa zinateleza kama sabuni.

Ndipo sonara alipochukua penseli na kumchorea. Akachora jiwe linavyotoka ardhini, kama mapaa mawili ya pande nne yaliyobanwa kitako kwa kitako. Juu ya mchoro huohuo akachora duara, akaonyesha sehemu zinazosagwa na kuwa vumbi. Ili kupata duara, alisema, zaidi ya nusu ya jiwe hupotea. Mraba ndio unaopoteza kidogo kuliko maumbo mengine yote, kwa sababu jiwe lenyewe limeshaelekea huko.

Baba aliweka kioo mezani, akasimama, akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kibarazani akitazama watu wakipita na vikapu vya dagaa. Nilifikiri amebadili mawazo, na nakiri kwamba moyo wangu ulikimbilia kwenye mabati. Lakini hakuwa akifikiria bei. Aliniambia kwamba miaka yote ile alijua anachookota kwenye changarawe ndicho wanachovaa matajiri huko mawe yanakopelekwa. Kumbe yeye na wenzake walikuwa hawajawahi kuiona almasi.

“Nimekuwa nikiwasimulia ninyi kitu nisichokijua,” alisema.

Nilisimama naye tu, kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kusimama na baba yangu. Halafu akasema turudi ndani, na kwamba atachukua ile ya mraba kwa kuwa haikupoteza sana.

Ndani tulimkuta sonara amemgeukia mama na kumwuliza anapenda ipi. Mama alikuwa amekaza macho kwenye kitambaa. Nilidhani hakusikia, nikataka kumrudia swali. Sonara akanizuia kwa kiganja.

“Sijawahi kuulizwa,” mama akasema polepole. Wazee ndio waliokubaliana ng'ombe, akaeleza, na yeye akaambiwa siku ya kwenda. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeomba apewe nafasi ya kufikiri.

Kisha akatoa mikono. Vidole vilikuwa vimenenepa viungoni kwa jembe na kwa baridi ya maji ya kisima. Akachukua pete ya tone la maji, akaipitisha juu ya kanga yake, akabonyeza. Ncha ikavuta uzi. Akaiweka pembeni. Akafanya hivyo kwa mraba, pembe nayo ikakwaruza kitambaa. Sonara alishtuka kidogo, halafu akaanza kutabasamu. Duara na yai vikapita bila kushika kitu.

Mama akabeba hizo mbili hadi mlangoni penye mwanga. Alivaa moja baada ya nyingine kwenye kidole kidogo, kwa sababu kwenye kidole cha pete hazikupita, akanyoosha mkono mbali na uso kama mtu anayesoma barua. Duara lilionekana kama nukta tu juu ya kidole kile kipana. Umbo la yai lililala kufuata urefu wa kidole, na mkono wake ukaonekana mrefu. Niliona ameliona hilo. Sikujua mama yangu hujitazama mikono.

“Hii,” akasema.

Baba akamkumbusha kwamba ya mraba haikukatwa sana. Mama akacheka. “Wewe unalilia kilichokatwa. Mimi nitavaa kilichobaki.”

Baba naye akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Sonara akapima kifundo cha kidole cha mama kwa uzi, akaahidi kuipanua pete ndani ya wiki. Baba aliomba karatasi inayoonyesha kwamba kito kile ni mali ya mama, majina yake yaandikwe yote matatu. Aliikunja mara nne akamkabidhi mama mwenyewe, hakuitia mfukoni mwake.

Siku ya ndoa pete ilipita kifundo bila taabu. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walipanga foleni kumshika mama kidole, na yeye akawaeleza maumbo yote manne, lipi linameremeta na lipi linavuta uzi, kana kwamba amezaliwa kwa sonara.

Kabla ya msimu mwingine wa pamba, wazee wengine wawili wa kijiji walikwenda kwa padri kuomba wafungishwe ndoa. Mke wa mmoja wao alimfuata mama shambani, akamwomba amsindikize mjini kuchagua pete. Mama aliweka jembe begani, akamwambia kwanza amwonyeshe vidole vyake.