Albamu Iliyoondoka na Sauti ya Theresia

Theresia alikuwa mwimbaji wa Ukungu Mzito, bendi ya Bigwa, Morogoro, ambayo hata majirani waliijua kama kelele tu. Walipiga posti-hadikoo, roki ya magitaa makali ambayo mwimbaji wake huanza kwa upole, halafu ghafla akapiga mayowe. Lakini Morogoro watu wanataka singeli na bongofleva. Bendi ilishazoea kupigia viti vitupu, na siku moja mwenye ukumbi aliwazimia umeme katikati ya wimbo ili wapambaji wa harusi waanze kazi.

Mpiga ngoma wao alikuwa Dominiko, mdogo wake Theresia. Siku za kazi alilima kabichi na mama yao, Agnes, kwenye shamba la mteremkoni. Masika yaliyopita mvua ilikataa kukatika. Asubuhi moja Dominiko alipanda shambani kuzibua mifereji, na mlima ukameguka juu yake. Wanaume walichimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Walipompata, mama yake ndiye aliyemfuta udongo kinywani. Agnes hakutoa chozi. Alizika, akapokea pole za watu, kisha akarudi kupanda sehemu ya shamba iliyobaki.

Theresia ndiye aliyetaka warekodi albamu. Saidi, mpiga gitaa, alikuwa na studio ya chumba kimoja nyumbani kwake, kuta zimezibwa kwa magodoro chakavu.

"Bila Domi?" Saidi aliuliza.

"Domi yumo. Si tulizirekodi ngoma zake mazoezini? Tujenge juu ya hizo."

Wakajenga. Kazi ilikuwa nzuri kuliko yote waliyowahi kufanya, na wenyewe walijua. Ila koo la Theresia lilikuwa limeanza kumsaliti. Aliamka amekaukiwa sauti, maneno mengine hayatoki. Daktari alimmulika kooni, akatikisa kichwa.

"Una vinundu kwenye nyuzi za sauti, dada. Ukiendelea na hayo mayowe, sauti itakwenda moja kwa moja."

Saidi hakuambiwa. Ulikuwa umebaki wimbo mmoja, "Udongo", ambao Theresia alimtungia mdogo wake juu ya ngoma alizopiga zoezi la mwisho. Aliurekodi, akaurudia, akaurudia tena.

"Inatosha, Tere. Tunao tayari."

"Bado. Hapo nilikuwa naimba tu."

Mara ya mwisho alihisi kitu kimekatika ndani. Alimaliza wimbo. Alipotema mate kwenye kitambaa, yalikuwa na damu. Alitaka kumuuliza Saidi kama safari hii umekaa sawa, ikatoka pumzi tupu.

Albamu ilipotoka mtandaoni, watu wachache wa nchi za mbali waliandika kwamba hawajasikia kitu kama hicho kwa muda mrefu. Nyumbani haikupigwa popote. Mtangazaji mmoja wa redio aliisikiliza yote kwa heshima, akasema, "Kazi nzuri sana, ila nitaiweka kipindi gani?" Theresia alifanyiwa upasuaji, akabaki na mnong'ono. Sokoni, alikouza kabichi za mama yake, wateja walilazimika kumsogezea sikio ili wasikie bei.

Siku moja Agnes alimwona binti yake ameshika simu jikoni.

"Dominiko yumo humo?"

Theresia akaitikia kwa kichwa, akauweka "Udongo". Agnes alisikiliza ameinamisha uso, kisu kimetulia juu ya kitunguu. Kuelekea mwisho ngoma zilinyamaza, likabaki gitaa na mayowe.

"Mbona ameacha?"

"Ndipo alipoishia kurekodi, mama."

Agnes akaweka kisu chini, akatoka hadi matutani. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa yowe refu, mpaka watu wa nyumba za chini wakatoka kuangalia nani tena amefariki. Theresia alimkimbilia akimwita, lakini sauti haikufika hata kwake mwenyewe. Alipiga magoti kwenye tope, akamkumbatia.

Baadaye Saidi alipendekeza watafute mwimbaji mwingine. Theresia alikubali, akamfundisha kwa ishara na kwa kuandika msichana aliyepatikana. Msichana alijaribu "Udongo" mara kadhaa, kisha akaomba apewe wimbo mwingine. Wakauondoa kwenye maonyesho. Agnes hakuomba tena kuusikia.