Jua la Kwenye Telefone

Nakumbuka asubuhi moja kule Kambove, mvua za mwaka zikiwa zimeshaanza, nimekaa kwenye mdomo wa shimo na kamba mkononi. Chini kulikuwa na wachimbaji wenzangu na yaya wangu Kasongo, kaka yangu mkubwa, baba yako. Mama yako alikuwa amebaki Lubumbashi, kule mtaa wa Annexe, na mimba yako.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia mbingu. Maji yakiingia shimoni, walio chini hawana njia nyingine ya kutokea, kwa hiyo lazima mtu abaki juu, avute kamba kuwaita wapande. Lakini Papa Ilunga, mkubwa wetu, alikuwa amenunua telefone inayosema hali ya hewa. Siku ile ilisema jua. Alikuwa ametueleza vizuri: satelaiti zinatazama mawingu, vipimo vya viwanja vya ndege vinapima upepo na mvua, kisha mashine kubwa za ng'ambo zinapiga hesabu ya yote. Akanitania, mimi niliyekuwa mdogo wao: "Petit, weye ulinde tu bukari yetu," ule ugali uliokuwa kando yangu.

Kweli, kwetu jua liliwaka. Ila kilima kilicho juu yetu kilikuwa kimeingia giza, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Mwanangu, niliogopa maji, na karibu sawasawa niliogopa kuchekwa. Unajua nilivyo, hata kanisani nakaa nyuma. Nikaivuta kamba.

Walipanda wakinung'unika. Ilunga akatazama jua, akatazama telefone, akanitazama mimi.

"Mvua iko wapi? Tuonyeshe basi."

Wenzangu wakacheka. Baba yako alikuwa wa mwisho, miguu yake bado imo shimoni, tuliposikia mngurumo. Maji mekundu yalishuka kutoka kilimani. Tulimvuta kwa mikono na shati, na nyuma yake shimo likajaa. Pale tuliposimama halikuanguka hata tone.

Telefone haikudanganya. Ilisema juu ya nchi pana, kwa vipimo vilivyo mbali. Kwenye kile kilima hakukuwa na kipimo. Hesabu ilikisia tu. Ilunga akaniambia kwa sauti ndogo: "Kesho utakaa tena juu. Ukivuta, tunapanda, hata kama iko bure."

Jana umenionyesha telefone yako, jua wiki nzima, ukasema unataka kufuata wenzako kuchimba Kambove. Tangu hapo chakula hakinipiti.

Mwanangu, isome hiyo meteo, utabiri wa hali ya hewa, inasaidia. Lakini jiulize habari yake imepimwa wapi, na kama kuna aliyepima karibu na pale utakapokanyaga. Usishuke mahali ambapo hakuna mtu juu. Na siku ukiachwa juu wewe, vuta, hata wakikucheka.

Mungu akulinde. Akupe, kila utakakokwenda, mtu mmoja wa kuogopa kwa ajili yako. Usipomkuta huyo mtu, rudi nyumbani. Mimi niko.